Wanasiasa Waahidi Nyumba, Hazina Yanyakua Mikopo

Mwezi wa Februari 2024 Hazina ya Kitaifa ya Kenya iliingia sokoni kutafuta shilingi bilioni 70 kwa hati fungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Wenye pesa wakajitokeza na shilingi bilioni 288. Hazina, ambayo si kawaida yake kumfukuza mgeni aliyekuja na mfuko, ilichukua bilioni 241 hivi na kukubali kuzilipia wastani wa asilimia 18.46 kwa mwaka, bila ushuru hata senti. Mabenki yalinunua, kampuni za bima zikanunua, na hata wawekezaji wadogo wakanunua kupitia DhowCSD, mtambo wa Benki Kuu unaomwezesha mtu kununua hati za serikali kwa simu yake ya mkononi.

Mwezi uliofuata, Machi 19, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Sheria hiyo ni mtoto wa kampeni za 2022, wakati muungano wa Kenya Kwanza ulipowaahidi wapiga kura nyumba 250,000 kila mwaka, na kwamba idadi ya mikopo ya nyumba ingepanda kutoka 30,000 hadi milioni moja, kwa mikopo ambayo malipo yake ni shilingi 10,000 kwa mwezi au chini ya hapo.

Habari hizi mbili zilichapishwa katika kurasa tofauti za magazeti, na huenda ndiyo sababu hazikugombana. Kwa upande mmoja serikali ilikuwa ikimwambia mwenye benki: nikopeshe mimi, nitakulipa asilimia 18 na hutahitaji kumtuma dalali kwa mtu. Kwa upande wa pili ilikuwa ikimwambia: mkopeshe mama mboga kwa miaka 20, na riba isifike 10. Mwenye benki ana masikio mawili, lakini kasha lake ni moja.

Kwa zaidi ya miaka 30 siasa za nyumba nchini Kenya zimekwama hapo. Ahadi hutolewa kwa idadi ya nyumba, ilhali nyumba hununuliwa kwa bei ya pesa. Bei hiyo ya pesa huwekwa na mkopaji mkubwa kuliko wote nchini, naye ndiye yule yule mtoa ahadi.

HESABU YA MENEJA

Mfanyabiashara anayetaka kuelewa jambo hili hahitaji kitabu cha uchumi. Kikokotoo kinatosha. Mkopo wa shilingi milioni 4 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 14, unadai malipo ya karibu shilingi 49,700 kila mwezi. Kufikia mwisho mkopaji atakuwa amelipa karibu milioni 11.9, yaani nyumba yake na nyingine mbili ambazo hatazilala. Riba ikiwa asilimia 9, malipo yanashuka hadi karibu 36,000. Meneja wa mikopo asiyependa usumbufu hataki malipo yapite theluthi moja ya mshahara, kwa hiyo katika hesabu ya kwanza anamtafuta mtu anayelipwa takriban shilingi 150,000 kwa mwezi, mwenye kazi ya kudumu na mwajiri asiyechelewesha mshahara. Watu wa aina hiyo wapo, na wengi wao tayari wana nyumba.

Sasa ichukuliwe ile ahadi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 9 na miaka 20, malipo hayo yanabeba mkopo wa shilingi milioni 1.1 hivi. Kwa asilimia 14 yanabeba kama 800,000, kiasi ambacho jijini Nairobi humpatia mtu gari dogo lililokwisha kutumika Japani. Lina paa, lakini si nyumba.

Takwimu za Benki Kuu zinaonyesha matokeo. Mwisho wa 2017 mikopo ya nyumba katika mabenki ilikuwa 26,187. Mwisho wa 2022 ilikuwa 27,786. Hiyo ni nyongeza ya mikopo isiyozidi 1,600 katika kipindi kizima cha miaka mitano, kipindi ambacho nyumba zilikuwa mojawapo ya nguzo nne za serikali. Mwisho wa 2023 idadi ilifika 30,015. Wakopaji wote wa nyumba wa nchi yenye watu milioni 47.6, kwa sensa ya 2019, wakialikwa Kasarani siku moja, viti vingi vitabaki vitupu. Na wastani wa mkopo mmoja umekuwa ukizidi shilingi milioni 9, jambo linaloonyesha wazi kwamba hao walioalikwa hawatakuja kwa matatu.

KUMBUKUMBU ZA 1992

Wenye mvi katika Soko la Hisa la Nairobi wanakumbuka kwamba mwaka wa 1992 kampuni ya Housing Finance Company of Kenya, iliyoanzishwa 1965 kwa ajili hasa ya mikopo ya nyumba, ndiyo iliyoorodheshwa sokoni. Wanakumbuka pia kwamba mwaka huo ulimalizika kwa uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 29, na kwamba pesa zilizomwagwa kabla ya siku hiyo zilikuwa nyingi kiasi kwamba noti ya shilingi 500 ilipewa jina la utani "Jirongo", kwa heshima ya mwenyekiti wa kundi la vijana la YK'92 lililoipigia kampeni KANU.

Uchaguzi ulipita, pesa zikabaki mitaani, bei zikapanda. Benki Kuu ililazimika kuzifagia pesa hizo kwa kuuza hati za Hazina, na katikati ya 1993 riba ya hati za siku 91 ilipita asilimia 80. Asilimia 80 kwa kuikopesha serikali miezi mitatu! Katika mwaka kama huo, benki inayomkopesha mtu pesa za kujenga inafanya hisani, na mabenki hayakusajiliwa kwa ajili ya hisani. Waliokuwa wameanza kujenga walisimama kwenye msingi. Nyumba nyingi za pembezoni mwa Nairobi zenye ghorofa ya chini ya mawe mazuri na ya juu ya matofali ya bei rahisi zinaweza kusomwa kama pete za mti uliokatwa: hapa palikuwa na pesa, hapa palikuwa na uchaguzi.

Katika muongo huo huo Hazina ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, iliweka sehemu kubwa ya akiba za wafanyakazi katika viwanja na majengo, mengine kwa bei zilizowashangaza hata wauzaji. Mfanyakazi akawa mmiliki wa nyumba bila kupewa ufunguo. Anayedhani kwamba makato ya mishahara kwa ajili ya nyumba yalivumbuliwa juzi atakuwa amesahau somo hilo.

RIBA KWA AMRI

Mwaka wa 2016 Bunge liliamua kwamba ikiwa riba haitaki kushuka kwa hiari, itashushwa kwa sheria. Mswada ulioletwa na mbunge wa Kiambu Mjini wakati huo, Jude Njomo, uliyazuia mabenki kutoza zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Agosti 24, 2016, na sheria ikaanza kazi katikati ya Septemba. Uchaguzi ulikuwa Agosti 8, 2017. Wananchi walishangilia, na haki yao, kwani kiwango cha juu kilikuja kuwa asilimia 14 mahali ambapo wengi walikuwa wakitozwa 18 na kuendelea.

Sheria ilisahau kitu kimoja tu: haikuyalazimisha mabenki kukopesha. Mteja ambaye zamani angepewa mkopo kwa asilimia 19 kwa sababu biashara yake ina mashaka sasa hakupewa kabisa, na pesa zake zikaenda kununua hati za serikali, bila mashaka. Ukuaji wa mikopo kwa sekta ya kibinafsi ulianguka chini ya asilimia 5 mwaka wa 2017. Novemba 2019, uchaguzi ukiwa umepita salama, sheria hiyo ilifutwa. Mkopaji mdogo alipewa bei nzuri kwenye duka lililofungwa, kisha duka likafunguliwa kwa bei ya zamani.

Katikati ya hayo, Desemba 12, 2017, Rais Kenyatta alitangaza Ajenda Nne Kuu, mojawapo ikiwa nyumba 500,000 za bei nafuu kufikia 2022. Mradi uliopigwa picha kuliko yote ulikuwa wa Park Road, Ngara, wenye nyumba 1,370. Ni majengo mazuri, hakuna ubishi. Ili kufika 500,000 zingehitajika Ngara nyingine 364.

Hata hivyo, kipindi hicho kiliacha chombo kimoja ambacho hakipigiwi ngoma: kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, KMRC, iliyoundwa 2018 na kupewa leseni na Benki Kuu Septemba 2020. Kazi yake ni kuyapa mabenki na sacco pesa za muda mrefu kwa asilimia 5, ili nazo zimkopeshe mnunuzi kwa riba isiyofika 10. Wenye hisa ni pamoja na Hazina, mabenki, na sacco kama Mwalimu na Stima. Mwanzoni mkopo ulioruhusiwa haukuzidi milioni 4 Nairobi na maeneo jirani, na milioni 3 kwingineko.

Mwekezaji mdogo anapaswa kuitazama hesabu ya KMRC kwa makini. Machi 2022 kampuni hiyo ilitoa hati fungani yake ya kwanza, ikitafuta shilingi bilioni 1.4 kwa riba ya asilimia 12.5. Wenye pesa walileta zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Lakini anayekopa kwa 12.5 na kukopesha kwa 5 hawezi kuendelea muda mrefu bila mjomba. Mjomba huyo ni Benki ya Dunia, iliyotoa mkopo nafuu wa dola milioni 250 mwaka wa 2019, pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mikopo hiyo ilikuja kupitia serikali, kwa hiyo atakayeirudisha ni mlipa ushuru. Riba ya asilimia 9 ipo, basi, ila ni riba ya kupimwa kwa kijiko, na waliofikiwa katika miaka ya kwanza ni maelfu machache tu.

MFANYAKAZI AMKOPESHA MKATAJI

Serikali iliyoingia Septemba 2022 haikutaka kusubiri mabenki. Kama mabenki hayataki kukopesha, ilionelea, mwenye mshahara atachanga. Mswada wa Fedha wa 2023 mwanzoni ulizungumzia mchango wa asilimia 3, ambao asiyepata nyumba angeweza kurudishiwa baada ya miaka saba. Wananchi walipiga kelele. Wabunge wakasikiliza kilio kwa namna yao: walipunguza mchango hadi asilimia 1.5, mwajiri naye atoe kiasi sawa, kisha wakaugeuza kuwa ushuru. Ushuru haurudishwi. Mwenye mshahara wa shilingi 50,000 alianza kukatwa 750 kila mwezi kuanzia Julai 2023, na mwajiri wake 750.

Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu iliutangaza ushuru huo kuwa kinyume cha Katiba, moja ya sababu ikiwa kwamba uliwaandama wenye mishahara na kuwaacha wengine. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa kuuokoa. Serikali ilijibu hoja ya ubaguzi kwa njia iliyo wazi kabisa: sheria mpya ya Machi 2024 iliwaingiza hata wasio na mishahara. Mwenye duka na fundi wa jua kali, waliokuwa wakilalamikiwa kwa kuachwa, sasa wakakumbukwa. Oktoba 2024 Mahakama Kuu iliiunga mkono sheria hiyo mpya.

Katikati yake ilikuja Juni 2024, vijana wakaingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, na Juni 26 Rais akauondoa. Ushuru wa nyumba haukuondoka nao, kwa kuwa ulikwisha kupata sheria yake miezi mitatu kabla. Wanasheria wa serikali hawasifiwi mara nyingi, lakini hapo walijua kalenda.

Makusanyo ya mwaka wa kwanza yalipita shilingi bilioni 50. Kujenga ni kazi ya polepole, na kukata mishahara ni kazi ya haraka, kwa hiyo pesa zilirundikana kuliko zege. Mwaka wa 2024 ikajulikana kwamba mabilioni ya pesa hizo ambazo hazijatumika yalikuwa yamewekwa katika hati za Hazina. Sheria inaruhusu, na mhasibu yeyote mwangalifu angefanya hivyo, kwani wakati ule hati za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16. Lakini ni vyema mzunguko wenyewe ufuatwe hatua kwa hatua. Serikali ilimkata mfanyakazi kwa sababu hapati mkopo wa nyumba. Hapati mkopo kwa sababu serikali inakopa kwa riba kubwa. Kisha ile pesa aliyokatwa ikaenda kuikopesha serikali kwa riba hiyo kubwa.

UFUNGUO HUPIGWA PICHA

Kwa nini basi wanasiasa wasishughulikie riba, wakaacha kuhesabu nyumba? Jibu si gumu. Mei 20, 2025 Rais Ruto alikuwa Mukuru, Nairobi, akikabidhi funguo za nyumba 1,080 za kwanza za mradi uliopangwa kuwa na zaidi ya 13,000. Zilikuwepo nyimbo, na akina mama waliotoka katika vyumba vya mabati wakafungua mabomba ya maji ndani ya nyumba zao. Chumba kimoja kilipangiwa malipo ya shilingi 3,900 kwa mwezi. Kwa familia iliyokuwa ikilipa kodi kwa mwenye mabati huku choo kikiwa cha watu wa ploti nzima, hilo si jambo la kuchekwa, na mchambuzi anayelicheka kutoka Kileleshwa aende akalale Mukuru usiku mmoja wa mvua.

Ufunguo huonekana. Riba hushuka katika chumba cha mikutano cha Benki Kuu, bila ngoma, na anayenufaika hajui amshukuru nani. Tena hushuka pale tu serikali inapojibana, yaani inapopunguza barabara, safari, na washauri, na hao wote wana wajomba bungeni. Nyumba 1,080 zina wapiga kura 1,080 na majirani zao wanaosubiri zamu. Na hao wanaosubiri, kwa mwanasiasa, wana thamani kuliko waliokwisha kuhamia, kwa sababu aliyekwisha kupata huanza kulalamika kuhusu lifti.

Katiba imeweka uchaguzi kila Jumanne ya pili ya Agosti katika kila mwaka wa tano: 2017, 2022, 2027. Mkopo wa nyumba ni wa miaka 20. Mkopo mmoja unapita chaguzi nne, na hakuna mgombea aliyejifunza bado namna ya kuomba kura za chaguzi nne kwa pamoja.

NYUMBA ZISIZO KATIKA TAKWIMU

Wakati haya yote yakiendelea, Wakenya wanajenga. Karibu wakazi tisa kati ya kumi wa Nairobi ni wapangaji, lakini mpangaji huyo ana ploti mahali fulani: Kitengela, Juja, Kamulu, Ngong, au kwao kijijini. Aliinunua na wenzake katika chama, kwa awamu, wakati mwingine kwa cheti cha kampuni ya ardhi ambacho benki ikikionyeshwa hutabasamu tu. Alikopa katika sacco kwa miaka mitatu akachimba msingi. Alimaliza mkopo, akakopa mwingine, akanunua mawe ya Ndarugo lori tatu. Ada za shule zikaingia, akasimama mwaka mmoja. Kisha mabati. Akahamia madirisha yakiwa yamezibwa kwa karatasi za nailoni, kwa sababu kila mwezi wa kodi aliouokoa ulikuwa dirisha moja.

Nyumba hiyo haimo katika takwimu za mikopo ya nyumba, na mwenyewe hana deni la miaka 20. Imemgharimu zaidi kuliko ingejengwa kwa mara moja, kwa kuwa saruji ilipanda bei mara kadhaa kati ya msingi na paa, na mawe mengine yaliibwa. Lakini hakuna mnadi aliyewahi kuipigia nyundo. Zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nchini wako katika sekta isiyo rasmi, na kwao sacco na chama ndizo benki za nyumba. Ajabu ni kwamba katika mipango yote mikubwa, kuanzia ya 500,000 hadi ya 250,000, mjenzi huyu wa polepole hutajwa kama tatizo la kutatuliwa. Huyo ndiye aliyejenga sehemu kubwa ya miji ya Kenya. Angepewa mkopo wa miaka saba kwa asilimia 10 na hati ya ardhi isiyo na mashaka, asingemsumbua mtu kwa ufunguo.

Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wanamjua vizuri, na walihisi alipopotea. Mwaka wa 2024, serikali ikitangaza miradi ya nyumba kila pembe ya nchi, sekta ya ujenzi kwa jumla ilinywea kwa asilimia 0.7, na saruji iliyotumika ikapungua hadi tani milioni 8.5 hivi. Mkandarasi wa serikali hununua saruji moja kwa moja kiwandani na hulipwa serikali ikijaliwa. Mnunuzi wa mifuko kumi Jumamosi asubuhi, yule wa Kamulu, alikuwa amekatwa ushuru wa nyumba, mkopo wake umepanda riba, na ujenzi wake umesimama. Hakuna takwimu inayosema ni mifuko mingapi ilibaki rafuni kwa sababu hiyo, lakini mwenye duka hahitaji kuambiwa.

Wapo walioona mbali zaidi. Desemba 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilikamilisha ununuzi wa Bamburi Cement, ikiwalipa wenye hisa shilingi 65 kwa hisa moja. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam hakupiga kura Kenya, na huenda hilo lilimsaidia kuhesabu kwa utulivu. Ile Housing Finance ya 1992 nayo, ambayo sasa ni HF Group, ilipata hasara miaka minne mfululizo, 2018 hadi 2021, ikiwa imebeba mikopo mibovu ya nyumba na majengo yasiyouzika. Ilirudi kwenye faida 2022, baada ya kuacha kuitegemea nyumba pekee na kuanza kufanya kazi kama benki nyingine. Mwaka wa 2024 iliwaomba wenye hisa mtaji zaidi, nao wakatoa kupita kiasi kilichotakiwa. Anayetafuta ushahidi kwamba mkopo wa nyumba peke yake ni biashara ngumu Kenya asitafute mbali na hisa hiyo.

BAADA YA MTEREMKO

Tangu Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kuteremsha kiwango chake kutoka asilimia 13, na Agosti 2025 kilikuwa 9.5. Hati za siku 91 zilifuata utiifu huo, zikashuka hadi karibu asilimia 8. Wastani wa riba ya mikopo ya mabenki ulikuwa bado karibu na asilimia 15. Mabenki hupandisha riba kwa lifti na kuishusha kwa ngazi.

Mtu angefikiri sasa zamu ya mkopaji wa nyumba imefika, maana mwenye benki hapati tena 16 kwa kulala. Ila mkopo wa nyumba haushindani na hati ya siku 91. Unashindana na hati ya miaka 15. Agosti hiyo hiyo ya 2025 Hazina ilirudi sokoni na hati fungani mbili za miundombinu ikitafuta shilingi bilioni 90. Zikaja bilioni 323. Riba iliyokubaliwa ilikuwa karibu asilimia 13 kwa hati moja na karibu 14 kwa nyingine, bila ushuru, kwa muda unaolingana na ule wa mkopo wa nyumba. Benki iliyokosa kupata fungu lake siku hiyo haikwenda Kamulu. Ilisubiri mnada uliofuata.